Upande wa Paa Aliouacha Fundi Tanielu

Apia, 17 Juni 2013

Dada yangu Fuatino,

Shikamoo. Hapa kwetu tunavuta pumzi, tunashukuru. Melania anakusalimu sana, anasema yale mafuta uliyomtumia yamemaliza kikohozi cha mtoto, sasa mtoto amebaki na kelele tu. Mguu wa shemeji Sefo vipi? Mwambie aache kupanda minazi, umri wake ni wa kuwatazama wengine wakipanda.

Dada, nina jambo. Unajua nimejenga makao makuu ya kampuni yangu ya simu karibu na soko la samaki. Nyuma ni ghorofa tatu za zege, za ofisi na mitambo. Mbele ni ukumbi wa wateja, na huo ni nyumba ya kwetu hasa: nguzo ishirini na nane, ukuta hakuna, paa la miti ya mshelisheli lililofungwa kwa kamba za makumbi, msumari hata mmoja haumo. Msanifu wangu, yule kijana aliyesomea Auckland, alitaka vioo kila upande. Nikamwambia mimi riziki yangu ni sauti za watu, sikai ndani ya chupa. Ndipo nikamleta Mzee Tanielu wa hapo kijijini kwenu, kwa sababu hakuna fundi anayemfikia, wewe mwenyewe ulisema.

Katikati amemaliza. Upande wa magharibi, pale mwishoni paa linapojipinda mviringo, amemaliza pia, watu wanasimama barabarani kuitazama. Upande wa mashariki mbavu ziko wazi, unaona mawingu. Tarehe tano mwezi huu alikusanya tezo zake na vijana wake sita, akapanda boti kurudi kisiwani kwenu Savai'i. Hakuaga. Sijui amepatwa na nini.

Nimeita mafundi wengine wanne. Kila mmoja akifika anatazama juu, anauliza, "Aliyeanza nani?" Nikimtaja Tanielu, anakunywa chai yangu na kuondoka. Wa mwisho aliniambia nyumba iliyoachwa na fundi haiguswi na fundi mwingine, ni sawa na kula sahani ya mtu aliyekwenda kunawa.

Tunafungua tarehe 6 Desemba. Wageni wa Fiji na Tonga nimeshawaalika. Nakuomba umwendee mzee, uongee naye. Wewe anakuheshimu.

Mdogo wako,
Lafaele


Satuafa, 9 Julai 2013

Mdogo wangu Lafaele,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani siku ishirini, dereva wa basi aliisahau chini ya gunia la sukari. Ungesema nipige simu. Nipige na nini? Ile simu aliyonitumia mkeo Melania ipo kabatini pamoja na sahani za wageni. Ili nipate mtandao lazima nivuke uwanda wote wa mawe meusi, saa nzima kwa miguu, nikasimame juu ya jiwe kama kuku aliyepotea. Na mwenye mtandao ni mdogo wangu wa tumbo moja! Watu wa hapa wananicheka, nami nacheka nao, nifanyeje.

Sefo mguu umevimba tena. Alipanda mnazi. Magimbi yamezaa vizuri, nguruwe mweupe kazaa wanane, watatu tumemchangia mchungaji.

Kuhusu Mzee Tanielu. Ndiyo, karudi. Anashinda barazani kwake akisokota kamba, hasemi na mtu. Kanisani anakaa kiti kile kile. Unaniandikia kwamba hujui kimempata nini. Fundi wa nyumba haondoki kwa kuchoka, Lafaele. Fundi akija kujenga, wewe mwenye nyumba unamlisha kabla hujala, unakaa naye, unamsikiliza hata akisema upuuzi, na kila hatua ya nyumba ikifika unamtandikia karamu. Asipotunzwa anakwenda zake. Mtoto wa darasa la tatu hapa anajua hayo.

Sasa niambie. Ulimlisha nini? Na ulimwambia nini?

Dada yako,
Fuatino


Apia, 2 Agosti 2013

Dada,

Shikamoo na samahani kwa haraka, nina watu wa mitambo wananingoja. Wote wazima. Melania kapandishwa cheo hospitali, sasa ni mkuu wa wodi, ananiamrisha hata mimi.

Umeniuliza kama polisi, basi nakujibu. Tanielu alisaini mkataba kama kila anayefanya kazi kwangu. Hatua ikiisha, malipo yanaingia benki siku ileile, sijachelewa hata mara moja. Chakula alikula kantini na wafanyakazi wote, wali na kuku kwenye kiboksi, chakula safi, mimi mwenyewe nakila nikiwa na nafasi. Getini alivaa kitambulisho cha MGENI shingoni, kwa sababu hiyo ndiyo taratibu ya usalama, hata askofu alivaa. Niambie kosa liko wapi. Huu si ujenzi wa nyumba ya kijiji ambapo watu wanakunywa kava miezi mitano na nguzo mbili zinasimama. Nina tarehe! Nina vibali! Nina kreni ya kukodi inayokaa bure!

Najua nani anaongea huko. Watu wa Satuafa mtu wao akifanikiwa wanasema anaringa, akifilisika wanasema walijua.

Basi kama shida ni heshima, mpelekeeni heshima. Wewe una ule mkeka wako wa heshima, wenye nyuzi nyembamba, mpe Sefo aupeleke kwa mzee kwa jina langu, aseme Lafaele anaomba yaishe. Au umpe dereva wa basi aniletee, nitautuma kwa gari na barua rasmi ya kampuni.

Lafaele


Satuafa, 21 Oktoba 2013

Mdogo wangu,

Natumaini mko salama. Sikukujibu miezi miwili na nusu kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naandika matusi, na mama hakutufundisha matusi. Jumapili ya Watoto imepita salama, wajukuu wangu wamesoma mistari yao yote isipokuwa mdogo, ambaye alisimama mbele ya kanisa zima akasema anataka kwenda haja. Sefo anatembea kwa fimbo.

Mkeka hautumwi kwa basi. Na barua rasmi ya kampuni kaifungie samaki.

Wewe unalijua jambo hili, usijifanye umezaliwa ndani ya kompyuta. Aliyekosa anakuja mwenyewe alfajiri, anakaa chini mbele ya nyumba ya aliyemkosea, mkeka umemfunika kichwa mpaka mabega, anangoja. Aliyekosewa akiuinua mkeka, yameisha, watu wanakula. Asipouinua, unakaa. Jua litoke, mvua inyeshe, unakaa. Si kazi ya Sefo, si kazi ya gari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe bwana tangu ununue lile gari refu umesahau mgongo unavyokunjwa.

Na jingine. Mambo ya kiboksi na kitambulisho nilikuwa nayo hata kabla hujaniandikia, wale vijana sita wana midomo. Hayo mzee angeyameza, ameshameza makubwa zaidi, amejengea wazungu. Lipo neno ulilomwambia. Vijana wanafika hapo wananyamaza, wanatazama miguu yao. Sitamwendea mzee wa watu nikiwa sijui nimebeba nini. Liandike kwa mkono wako.

Fuatino


Apia, 11 Novemba 2013

Dada,

Shikamoo. Mvua zimeanza. Nimetandaza maturubai upande wa mashariki lakini upepo unayapiga kutwa, wasichana wa mapokezi wanaweka ndoo kati ya wateja. Gazeti limepiga picha. Limeandika kampuni ya mawasiliano imeshindwa kuwasiliana na fundi wake. Nchi nzima inacheka.

Umetaka neno. Haya.

Ilikuwa saa sita mchana. Nilikuwa na wageni wa benki, nawatembeza. Tanielu akanisimamisha mbele yao, akasema kazi imefika mahali pa karamu, kabla ya kuanza upande wa mwisho lazima tukae tule pamoja, niseme nao. Nilimwambia baadaye. Akasema hakuna baadaye, ni sasa. Vijana wake wote walikuwa juu ya jukwaa wanasikiliza, na wale wa benki wananitazama nitafanya nini. Nikamwambia, "Mzee, miti ni yangu, kamba ni zangu, na wewe ni kibarua wangu sawa na wale wanaofagia. Ukitaka kuabudiwa subiri ufe."

Ndiyo hilo. Nililisema kwa sauti. Wale wa benki walicheka, na mimi nikacheka.

Nimeandika, umefurahi? Sikulala vizuri tangu siku ile na sikutaka kukwambia. Lakini kuja siwezi, dada, zimebaki wiki tatu. Na ukweli mwingine ni huu: mwenye kampuni ya simu akikaa chini kijijini na mkeka kichwani, kila mwenye simu atapiga picha, na picha zitaenea nchi nzima kupitia minara yangu mwenyewe. Wateja wataniona nimepiga magoti. Nitawezaje kukaa mezani na watu baada ya hapo?

Nisaidie kwa njia nyingine yoyote. Nakuomba.

Lafaele


Apia, 4 Desemba 2013

Dada Fuatino,

Shikamoo. Sisi wazima. Sijapata jibu lako na siku zimeniishia, kwa hiyo usijisumbue tena na lile jambo.

Nimepata watu wa ng'ambo wa vyuma. Wamefika na kontena yao, siku tisa tu, upande wa mashariki umefungwa: mabomba ya chuma na bati la rangi ya majani makavu. Kutoka mbali hutambui. Kutoka karibu unatambua, lakini nani anatazama juu akiwa amekuja kununua vocha? Msanifu amenuna. Alisema ameona paa lenye mkono wa kweli na mkono wa bandia. Nikamwambia wa bandia hauvuji.

Keshokutwa tunafungua. Mngekuja ningefurahi, lakini najua mguu wa shemeji. Baada ya sikukuu tutakuja wote tuwaone.

Na hizo hasira zako, dada, ziache huko huko mwaka huu uishe.

Lafaele


Satuafa, 6 Desemba 2013

Lafaele mdogo wangu,

Leo najua ni siku yako ya kufungua. Nakuandikia nikiwa nimejilaza, usione mwandiko mbaya ukadhani naumwa. Kidogo naumwa.

Barua yako ya Novemba niliisoma mara tatu. Nililia kwa ajili ya yule mzee, halafu nikalia kwa ajili yako, kwa sababu wewe si mtu wa maneno hayo na uliyasema. Domo limekuponza kichwa. Nikangoja uje. Kila boti nilimtuma mtu kituoni. Hukuja.

Jana alfajiri niliuchukua mkeka wangu, nikaenda mwenyewe, nikakaa mbele ya nyumba ya Mzee Tanielu. Sefo alinizuia mlangoni, akasema toka dunia iumbwe ni kaka anayemkinga dada, hajaona dada akikaa juani kwa ajili ya kaka yake. Nikamwambia na mimi sijaona, nipishe.

Nilikaa. Jua lilipanda. Nilimsikia mzee akitoka, akikohoa, akiona mtu, akirudi ndani. Alidhani ni wewe. Nilikuwa na kiu mpaka ulimi ukanata. Watu walipita kwenda shambani wakarudi wakanikuta. Saa nane mchana akaja akauinua mkeka kwa hasira, akaniona mimi.

Lafaele, mzee alikaa chini mavumbini pale pale. Alisema, "Fuatino, mwanangu, kwa nini wewe?" Mkewe akaniletea dafu, akanimwagia maji kichwani. Halafu mzee akasema yameisha. Alisema hasira yake ilikuwa na wewe, lakini hawezi kuwa na hasira na nyumba iliyokaliwa juani na mwanamke. Mkeka ameupokea. Jumatatu asubuhi anapanda boti na vijana wake wote, wanakuja kumaliza upande wa mashariki. Vijana wameshanoa tezo, wamefua mashati, kamba mpya zimejaa magunia mawili, kumbe alikuwa anazisokota tangu Juni.

Nakusihi kwa jina la mama. Mpokee bandarini wewe mwenyewe. Usitume dereva. Mlishe nyumbani kwako kwa mkono wa Melania. Barua hii sikumpa yeye, haiwezekani fundi mkuu nimfanye tarishi. Nimempa dereva wa basi na nimemwambia akiisahau safari hii nitamroga.

Dada yako


Apia, 11 Desemba 2013

Dada,

Sijui nikuamkie vipi.

Barua yako nimeipata jana Jumanne. Wao walifika juzi.

Sikuwa bandarini. Walitembea mpaka ofisini na magunia yao. Mlinzi aliwavisha vitambulisho vya wageni, wote saba. Wakauliza mwenye nyumba, wakaambiwa ana mkutano, kaeni. Walikaa ukumbini, chini ya lile paa, tangu saa nne. Maji hakuna aliyewapa. Melania ananiuliza tangu jana, "Hata maji?" Hata maji.

Saa saba nilishuka na wageni wa Fiji, nawaonyesha jengo. Watu walikuwa wengi, sikuwatazama waliokaa. Nilisimama katikati nikanyoosha kidole mashariki, nikasema kwa sauti, kwa sababu ukumbi una kelele: "Mafundi wa kienyeji walitushinda, tukafunga kisasa kwa siku tisa." Wakapiga makofi. Nikageuka, nikamwona. Alikuwa hatua nne kutoka kwangu, amevaa shati jeupe la kanisani, kichwa kimerudi nyuma, anatazama bati.

Nilisema, "Mzee, karibu." Ndilo neno lililonitoka, karibu.

Alivua kitambulisho akanipa mkononi. Akasema, "Kumbe dada yako alikaa juani kwa ajili ya bati." Sikumwelewa, dada. Nilidhani ni uzee, amechanganya mambo. Nikawaambia wageni ni fundi wetu wa zamani, nikaendelea na ngazi. Nilipoteremka tena walikuwa wameondoka, wamewahi boti ya jioni.

Kesho yake dereva akaniletea barua yako. Nilimfungia mlango kila mtu nikalia kama mtoto, na sioni haya kukuandikia. Ulikaa juani mpaka saa nane kwa mdomo wangu. Mimi ndiye niliyetakiwa nisimame ili hata kivuli cha mtu kisikuguse. Siku ile ile ulipokuwa chini pale na kiu, mimi nilikuwa najaribu vipaza sauti vya sherehe.

Nimewaambia wale wa vyuma wabomoe. Wanasema nina wazimu. Wabomoe tu. Nitafutie mkeka, dada, wowote, nije Jumamosi. Nitakaa mimi. Wapige picha mpaka simu zao zizime chaji.

Lafaele


Satuafa, 30 Desemba 2013

Lafaele,

Krismasi imepita, na Jumamosi uliyoitaja ilipita kabla barua yako haijanifikia. Tumeimba, tumekula, Sefo hakupanda kitu. Msalimie Melania, mwambie kitambaa kimefika.

Mzee alirudi siku ile akapita mbele ya nyumba yangu bila kusimama. Kesho yake nilimwendea. Hakunikaripia. Alisema, "Wewe hukujua," akanikaribisha chai, kama anavyomkaribisha mgeni yeyote.

Waambie hao watu wasibomoe. Ukibomoa leo mvua itaozesha na kile alichokijenga. Bati likae.

Mkeka sina. Ule ndio uliokuwa mmoja, ameupokea, wa kwake sasa. Ya sokoni usinitajie, mzee akipapasa kwa kidole gumba atajua umenunuliwa, itakuwa kumtukana mara ya tatu. Nilikwenda kwa shangazi huko Safotu, wake uliingia kaburini na mjomba. Kuazima kwa watu wasio damu yetu haifai. Na usije mikono mitupu, utakuwa mgeni tu aliyekuja kunywa chai, atakupa chai kama alivyonipa mimi.

Kwa hiyo nimekata majani ya mkadi. Nimeyachemsha, nimeyaanika kwenye mawe, nimeyachana membamba kama uzi, na juzi nimeanza. Ule wa kwanza ulinichukua miaka minne, lakini nilikuwa nasuka kwa nafasi, nikipika, nikilea. Huu sipiki. Wakwe wanapika. Nimefika upana wa vidole viwili. Macho yananisumbua kidogo, nimeomba miwani kwa nesi.

Usiniulize utakwisha lini. Utakapokwisha nitavuka mawe nikupigie simu, na siku hiyo upokee mwenyewe.

Mzee ana miaka themanini na moja, Lafaele. Nasuka mchana kutwa.

Dada yako,
Fuatino